Goti Halimo Kwenye Kikokotoo

Miaka ishirini na tisa nimekaa masjala,
chumba cha nyuma, Moshi mjini,
dirisha limeelekea choo cha wanaume
na, siku mawingu yakikubali, kipande cha Kibo
kisichozidi upana wa kiganja.
Najua nani alizaliwa lini kwa karatasi
na nani alizaliwa lini kwa mama yake.

Mimi mwenyewe ninazo tarehe mbili.
Cheti cha ubatizo kinasema hamsini na saba.
Fomu ya ajira, niliyoijaza kwa kalamu ya kuazima
nikiona aibu kwamba nilichelewa shule,
inasema hamsini na tano, kamili, mwezi wa Machi.
Serikali iliiamini kalamu ya kuazima.
Basi miaka miwili niliyoiiba usichanani
nitailipa nikiwa kazini.

Hamsini na tano, hiari. Sitini, lazima.
Katikati kuna miaka mitano
kama korido ya hospitali:
taa inawaka, watu wamekaa,
hujui mlango upi utaitia jina lako.

Eliaichi Temu, dereva wa boza la maji,
aliandika barua siku ileile aliyotimiza.
Mkupuo ukaingia Ijumaa.
Akaanza vyumba vitano vya kupangisha, Pasua.
Vitatu vikafika lenta.
Viwili vikabaki msingi; humo sasa anafuga bata,
na ukimsalimia anakwambia bata wana faida.
Hasemi uongo. Hasemi yote.

Sista Nsia Mongi akangoja sitini.
"Kila mwaka unaongeza kitu," alinieleza,
akihesabu kwa vidole vinavyonuka spiriti.
Alistaafu Juni.
Oktoba nikapokea cheti cha kifo,
nikakitoboa matundu mawili,
nikakilaza juu ya barua ya pongezi.
Mwanawe alipokuja kusaini
alikosea jina la kati la mama yake.
Nilimpa karatasi nyingine, nikatazama pembeni.

Nyumbani nako kuna bunge.
Onaeli anataka pampu, mfereji wa kihamba umekauka:
"Chukua sasa, mama Aisia. Ngoja ngoja huumiza matumbo."
Aisia anapiga simu kutoka Dodoma:
"Subiri, mama. Haraka haraka haina baraka."
Wahenga nao walistaafu bila kukubaliana.

Usiku nikatoa kikokotoo cha zamani cha Aisia,
kile ambacho kitufe cha saba hunasa.
Mshahara, miezi, mkupuo, kinachobaki cha kila mwezi.
Nikagusa saba: ikajirudia, saba saba saba saba,
nikawa tajiri kwa sekunde moja,
Onaeli akikoroma.
Nilitafuta pa kuingizia goti.
Hakuna kitufe cha goti.

Maana faili za wastaafu hukaa rafu ya juu kabisa.
Zamani nilipanda kiti, kanga kiunoni, nikishuka nacheka.
Siku hizi namwomba Yese, kijana wa mkataba;
hupanda kama aliyeona parachichi limeiva.
Kwenye mwandiko wangu "Mawenzi" bado anaisoma "Mwezi".
Anauliza kila kitu, mara mbili.
Sichoki.
Nachoka.

Leo saa tisa, wenzangu wametoka,
nimevuta faili yangu.
Nyepesi kuliko nilivyodhani.
Mihuri sita, likizo ya uzazi moja,
onyo moja la kuchelewa: mvua ile, daraja la Rau.
Nikajaza fomu yote kwa wino
isipokuwa tarehe.
Tarehe nimeiandika kwa penseli:
Novemba, mwaka kesho.
Si ya Onaeli, si ya Aisia,
na sidhani kama hesabu inaikubali.
Ni muda ninaoukisia wa Yese kuujua mwandiko wangu.

Nikamwita.
"Iweke."
Akavuta kiti. "Kule juu, kwa wastaafu?"
"Hapana. Ya chini yake.
Hapo ninapofika bila kiti."